Chumvi Natia, Magoli Siongezi

Macho ya Ta Rugaibula yalipoingiwa na ukungu, mwaka ule ule nchi ilipopata uhuru, watu wa kijiji chake jirani na Rubya walikuja kumpa pole wakidhani atalilia mibuni yake. Hakuililia. Aliwakaribisha, akawapa punje za kahawa za kutafuna, akasema, "Waitu, ndugu zangu, kahawa nitaijua kwa vidole. Ndizi nitazijua kwa harufu. Mke wangu Klaudia nitamjua kwa kelele. Lakini mpira, jamani, nitaupapasaje?"

Alikuwa beki wa kulia ujanani, na mpira ulikuwa umemkaa mwilini kuliko hata lubisi, pombe yao ya ndizi. Kila Jumapili baada ya misa, timu ya kijiji ilicheza kwenye rweya, ile nyika ya majani mafupi iliyoko nje ya migomba, ambako juma zima walichunga ng'ombe. Jumapili ya kwanza ya upofu wake aliketi nyumbani akisikiliza makelele ya uwanjani yakija na upepo, akawa anauliza kila mpita njia, "Nani kafunga?" Wapita njia walikuwa wachache, maana wote walikuwa uwanjani.

Jumapili iliyofuata binti yake Jovita Kokushubila, msichana wa miaka kumi na tisa, alimshika mkono, akabeba kigoda kwa mkono wa pili, akampeleka. Akamweka pembeni ya mstari, akasimama nyuma yake.

"Haya, sema," baba akaamuru.

"Niseme nini, Tata?"

"Unachokiona."

Jovita akatazama. Mpira hakuwahi kuupenda wala kuuchukia. Aliuona kama mvua, kitu cha kuwalowesha wanaume. "Tata, naona wanaume wazima wanagombania kitu kimoja, na mmoja wao ana filimbi."

"Hilo nalijua tangu hujazaliwa wewe. Mpira uko wapi?"

"Anao huyu winga wetu mwenye miguu ya korongo. Anakwenda nao, Tata. Anakwenda. Amempita mmoja. Sasa anakwenda bila mpira."

"Bila mpira?"

"Ameusahau nyuma. Ndiyo kwanza amegundua. Anarudi kuutafuta kama mama aliyesahau mtoto sokoni."

Ta Rugaibula akacheka hadi kigoda kikayumba. Watu wawili waliokuwa karibu wakasogea. Jovita hakuwaona, macho yake yalikuwa golini, ambako golikipa wao, Byarugaba, kijana mwenye mwili wa magunia mawili ya kahawa, alisimama mikono kiunoni.

"Byarugaba anasubiri, Tata, kama mwenye shamba anayesubiri vibarua. Watu wa Nshamba wanakuja. Wanakuja wengi. Mmoja amepiga! Byarugaba ameruka! Ameruka vizuri sana, Tata, ameruka kama mtu anayedaka senene!"

"Ameudaka?"

"Mpira umepita upande wa pili. Lakini senene naona amempata."

Kilichotokea hapo ni kwamba watu kama kumi waliangua kicheko kwa pamoja, wengine wakauliza kuna nini, wakaelezwa, nao wakaangua chao. Byarugaba, aliyekuwa ameinama kuokota mpira wavuni, alidhani wanamcheka kwa goli. Ilimchukua siku mbili kujua kwamba jambo lenyewe ni baya zaidi. Alikuwa ameshapewa jina. Tangu Jumatatu ile hakuna aliyemwita Byarugaba tena, hata wadogo zake. Aliitwa Senene.

Kufikia mwezi uliofuata, nusu ya waliokuja kuangalia mpira waliupa mpira mgongo wakamwangalia Jovita. Wachezaji nao wakaharibika. Winga wa miguu ya korongo alisimama siku moja katikati ya mbio ili asikilize anavyosemwa, akanyang'anywa mpira akiwa bado ametega sikio. Na Jovita hakubadili kitu: alisimama nyuma ya baba yake, na kila sentensi aliianza na "Tata", kwa sababu ni baba aliyekuwa akimwambia. Wengine walikuwa wakidokoa tu.

Miongoni mwa wadokoaji alikuwamo fundi bati kutoka Muleba, kijana Mlutheri jina lake Josia, mpole hata ukimkanyaga anakuomba radhi yeye. Jumapili moja alikuja amebeba kitu kirefu amekifunga gazeti. Akamkabidhi Jovita. Lilikuwa bomba la bati, jembamba huku, pana kule, limechomelewa kwa madebe ya mafuta ya kula, bado unaona nusu ya alama ya kiwanda ubavuni.

"Nilikuwa nyuma," Josia akasema. "Sikusikia."

Akaondoka. Hakusema neno jingine kwa muda wa miezi miwili.

Lile bomba ndilo lililougeuza mchezo kuwa kazi. Mwenye duka mmoja wa Muleba alimwita siku ya gulio atangaze vitenge vilivyoshuka kutoka melini, akamlipa kitenge kimoja. Watu waliomsikia pale gulioni wakamwita harusini. Na harusini ndipo Jovita alipogundua kwamba kuna mambo yanayotangazika kuliko mpira.

"Tata," alisema siku ya kuleta zawadi, baba yake akiwa ameketishwa kiti cha mbele kama mgeni rasmi, "sasa anaingia mbuzi. Ametembea tangu Kamachumu, na ukimtazama usoni unaona kwamba hakuambiwa safari ni ya nini. Nyuma ya mbuzi inakuja sufuria. Nyuma ya sufuria anakuja shangazi aliyeinunua. Shangazi haangalii njia, Tata. Anaangalia kama sufuria imeonekana. Imeonekana, shangazi! Keti!"

Shangazi, badala ya kukasirika, alizunguka uwanja mara nyingine na sufuria yake kichwani.

Alialikwa Kamachumu, akaalikwa Ibwera, akaalikwa hadi Kitendaguro kule mjini Bukoba, kwenye harusi ya watu waliovaa suti na kuzungumza Kiingereza wakiwa wanakula. Alilipwa kwa chochote kilichoweza kupanda baiskeli: mikungu ya ndizi, kuku, samaki waliokaushwa, na mara moja mlango. Mama yake, Ma Klaudia, aliupokea mlango ule kwa huzuni.

"Mabinti wa wenzangu wanashona," alisema. "Wanauguza. Wanafundisha. Wa kwangu anasema. Nikiulizwa kanisani binti yako anafanya kazi gani, nijibu nini?"

"Jibu natangaza, Mawe," Jovita akamjibu mama yake.

"Unatangaza nini?"

"Chochote kinachotokea."

"Na kisipotokea?"

"Hapo ndipo kazi inakuwa ngumu," Jovita akasema, na hakuwa anatania.

Mwaka wa sitini na sita Byarugaba alimshitaki. Alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, Ta Rugemalira, mtu wa makamo aliyependa haki, na aliyependa zaidi kuhutubia juu ya haki. Baraza likaitwa nyumbani kwake, uani. Walikuja walioitwa, wakaja na wasioitwa.

Byarugaba akasimama katika shati lake la Pasaka. "Waitu," alisema, "mimi si mtu wa kesi. Lakini nimekwenda kuposa Kamachumu, wakanikatalia. Nikasema labda ni bahati mbaya. Nikaenda kuposa Nshamba. Nimeketi, nimepewa kahawa ya kutafuna, mambo yanakwenda vizuri. Mara mama mtu akachungulia mlangoni, akamuuliza mumewe, 'Huyu ndiye yule wa senene?' Nikaona aibu, nikaaga. Huyu binti ameniharibia maisha kwa mdomo."

Jambo lilikuwa la kweli, na uso wake ulikuwa wa huzuni. Jovita akainamisha kichwa. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba maneno yake yalipanda mlima na kushuka mpaka Nshamba, yakamtangulia mtu kwa wakwe zake.

Rugemalira akakohoa. "Ni shitaka zito. Kokushubila, baraza hili haliwezi kulaani maneno lisiyoyasikia. Rudia ulivyosema."

Jovita akarudia kwa sauti ndogo, kama anayesali.

"Sisikii," akasema mzee mmoja wa nyuma.

"Rudia kama ulivyosema siku ile," Rugemalira akaamuru. "Na bomba."

"Siku ile sikuwa na bomba."

"Baraza linakupa ruhusa."

Basi akalichukua bomba, akavuta pumzi, na alipofika kwenye "senene naona amempata," baraza likavunjika. Mzee wa nyuma aliangukia ubavu. Rugemalira alijifunika uso kwa kofia, na kofia ikawa inatetemeka. Byarugaba mwenyewe alisimama wima ameuma midomo, ameuma kweli kweli, mpaka sauti ikatafuta njia ya puani, ikatoka kama tarumbeta, naye akakaa chini akicheka na machozi yanamtoka. Mengine ya kicheko, mengine labda si ya kicheko.

Vicheko vilipotulia, Jovita akasema, "Ta Rugemalira, na wewe Byarugaba, mnisamehe. Mimi chumvi natia, sikatai. Lakini magoli siongezi. Alipofungwa moja nilisema moja. Alipofungwa matano nilisema matano. Siku atakayodaka nitasema amedaka, na siku hiyo nitamtilia asali."

Rugemalira akaona hukumu imejitoa yenyewe. Alihutubia kwa muda, halafu akaamua: Jumapili ijayo Byarugaba adake, na Jovita aseme.

Haikuwa rahisi. Jumapili ile Byarugaba alifungwa mapema, na Jovita akasema amefungwa. Lakini kipindi cha pili wageni walipewa penalti. Mpigaji alirudi nyuma hadi karibu na ng'ombe, akaja mbio, akapiga. Mpira ulimkuta Byarugaba usoni, katikati kabisa, ukarudi ulikotoka.

"Amedaka!" Jovita akapiga kelele mpaka bati likalia. "Tata, amedaka kwa uso! Wengine wana mikono tu, Tata, huyu kila mahali alipo ni mkono! Amesimama! Hajui yuko wapi, lakini amesimama! Enyi akina mama wa Nshamba mliomchungulia mlangoni, mlimwona na pua ya zamani, njoni mwone pua ya ushujaa!"

Watu waliingia uwanjani wakambeba, jambo lililohitaji watu wengi. Mama wa Nshamba alisikia. Kabla ya Krismasi Byarugaba alikuwa ameoa kule kule alikokimbia, na mtangazaji wa harusi mnamjua.

Ma Klaudia, hata hivyo, hakutulia. "Umewaozesha watu wote," alimwambia Jovita. "Wewe nani atakuoa? Mwanamume gani atalala usingizi nyumba moja na mtu anayetangaza?"

Jibu lilikuja lenyewe, na mjomba wake, na mtungi wa lubisi. Alikuwa Josia fundi bati. Ma Klaudia alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akamuuliza kama haogopi.

Josia alifikiri kwa muda mrefu sana. "Mimi siongei," akasema hatimaye. "Nyumba inahitaji mtu wa kuongea."

Kulikuwa na tatizo la dini, yeye Mlutheri na Jovita Mkatoliki, lakini lilimalizwa katika vikao kati ya padre na mchungaji, vikao ambavyo Jovita alikatazwa kabisa kuvitangaza.

Mwaka wa sitini na tisa daktari wa macho alipita hospitali ya Rubya. Akaangalia macho ya Ta Rugaibula, akasema ni mtoto wa jicho, huondolewa. Wakamwondolea wa jicho la kulia. Alirudi nyumbani na miwani minene kama vitako vya chupa, akamwona mkewe, akasema, "Klaudia, kumbe umezeeka," na Ma Klaudia akamjibu kwamba kioo cha nyumba kimeanguka zamani, la sivyo angejiona na yeye.

Jumapili alikuwa wa kwanza uwanjani. Jovita alisimama nyuma yake kama kawaida. Timu zikaingia. Mzee akatazama kwa jicho lake jipya kwa muda ambao ungetosha kuchemsha ndizi.

"Yule ni nani?" akauliza.

"Ndiye winga wetu, Tata. Mwenye miguu ya korongo."

"Korongo yupi? Yule ni bata."

Jovita akalihamishia bomba mkono wa pili.

"Na uwanja huu. Uliniambia majani yamelala kama nywele zilizochanwa. Naona mavi ya ng'ombe." Akaendelea kutazama. Wachezaji wawili waligongana bila sababu. Mwingine alikaa chini kufunga kamba ya kiatu huku mpira ukimpita. "Mwanangu, miaka yote hii uliniambia hapa kuna vita. Hawa mbona wanatembea?"

"Nilitia chumvi, Tata. Magoli sikuongeza."

"Hapana, magoli najua." Mzee akapumua. Alikuwa na huzuni ya mtu aliyefika mji aliousikia sifa zake akakuta ni maduka mawili. Kisha akavua miwani, akaikunja, akaitia katika mfuko wa koti. "Haya. Endelea."

"Lakini sasa unaona, Tata."

"Ndiyo sababu," akasema. "Korongo yuko wapi?"

Miwani aliivaa siku za kuchuma kahawa na siku za kuhesabu kuku. Uwanjani hakuivaa tena.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Kwa upande wao watu hawakuhamishwa. Kila mtu alibaki ndani ya kibanja chake, chini ya migomba ya babu yake. Lakini kijiji kiliandikishwa kuwa cha ujamaa, na kijiji cha ujamaa lazima kiwe na shamba la pamoja. Ardhi iliyokuwa wazi ni rweya. Basi wakalima rweya, wakapanda mahindi, na robo ya uwanja wa mpira ikaingia shambani pamoja na goli moja. Timu haikukata tamaa. Ilicheza hivyo hivyo. Byarugaba, ambaye kwa umri ule angekuwa ameshastaafu, aliomba goli la ndani ya mahindi, akasema ni la heshima, halina watazamaji.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Rugemalira, ambaye sasa alikuwa na mahali pengi zaidi pa kuhutubia. Alimwita Jovita ofisini. Alimpenda, na ndiyo maana alianza na hotuba.

"Kokushubila, mambo yamebadilika. Uhuru ni kazi. Kila mwenye nguvu atakwenda shambani asubuhi tatu kwa juma. Habari ya kuzurura na bomba, leo Kamachumu, kesho Bukoba, imekwisha. Kutangaza si kazi. Kazi hutoa jasho."

"Mimi natoka jasho, Mwenyekiti."

"Jasho la mdomo halihesabiwi."

Jovita alibisha kidogo, akaona atamletea Josia matatizo, akaenda kulima. Bomba likatundikwa ukutani, na kuku mmoja akajaribu kutagia ndani yake. Alilima kama wengine, yaani vibaya. Watu walikuja shambani wakiwa na majembe na bila moyo. Walilima mstari, wakasimama kuulizana habari za wagonjwa. Juma hadi juma walipungua. Ardhi ya rweya nayo haikuwa na huruma, iliyatoa mahindi yakiwa ya njano na mafupi, ikayatoa magugu yakiwa ya kijani na yenye afya. Katika taarifa zake kwa wakubwa, Rugemalira hakutaja magugu. Alitaja matumaini.

Matumaini yale yakawavuta wageni kutoka wilayani. Walikuja kwa Landrova siku ambayo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, gari likazama tope chini ya kilima, wakapanda kwa miguu hadi ofisi ya kijiji. Kiongozi wao alikuwa mtu mzima mnene mwenye viatu vipya. Aliketi barazani, akaviangalia viatu, akaiangalia njia ya shambani, iliyokuwa imegeuka kijito.

"Mwenyekiti," alisema, "hilo shamba lako la kuigwa liko upande gani?"

"Nyuma ya kilima kile, Mheshimiwa. Ni zuri sana. Bahati mbaya mvua."

"Nimetoka mbali. Siwezi kurudi bila kuliona. Hakuna mtu wa kulisimulia?"

Rugemalira aliona mbingu zimefunguka. Akatuma watu mbio nyumbani kwa Jovita. Alipofika na bomba lake, lililotolewa kuku dakika hiyo hiyo, mwenyekiti alimvuta kando. Kijasho kilikuwa kinamtoka, na hakikuwa cha mdomo.

"Panda kwenye kichuguu kile cha kilimani. Ukiwa juu unaliona shamba, wao hawalioni. Tia chumvi, mwanangu. Tia nyingi."

Jovita akapanda. Kijiji kizima kilisimama kwenye manyunyu, na Ta Rugaibula akiwa mbele, ameweka miwani mfukoni. Jovita akatazama shamba muda mrefu. Aliwafikiria wageni. Akamfikiria Rugemalira, aliyekuwa mwema siku zote. Kisha akaweka bomba mdomoni.

"Tata, naliona shamba. Ni kubwa, na magugu yamelipenda. Yamekuja na wajukuu. Natafuta mahindi. Natafuta... Naliona hindi moja! Limesimama peke yake kama mkwe aliyefika harusini kabla ya wenye harusi. Lile pale la pili. Hapana, lile ni jembe, limesahauliwa tangu mwezi wa tatu, linaanza kuota. Tata, mchezo ni mgumu. Magugu yanaongoza. Mahindi yamerudi nyuma yote kulinda goli. Lakini filimbi ya mwisho haijalia, waitu, kipindi cha pili bado!"

Akashusha bomba. Rugemalira alikuwa amefumba macho. Halafu tumbo la mgeni likaanza kutikisika, kidogo kidogo, kama chungu kinachokaribia kuchemka, akapasuka kicheko, akatoa leso, akafuta macho, akajaribu kusema, akashindwa, akaanza upya. Wenzake, walipoona inaruhusiwa, wakacheka pia. Wanakijiji walicheka mwisho, na kwa aibu, maana kila mmoja alilijua lile jembe ni la nani.

"Vijiji vyote nilivyopita," mgeni akasema alipopata pumzi, "nimeambiwa mahindi yanagusa mawingu. Nikienda nakuta magugu. Hapa nimekuta magugu bila kulowa miguu." Akamgeukia Rugemalira. "Kipindi cha pili kinaanza lini?"

"Kesho asubuhi, Mheshimiwa," Rugemalira akasema, kwa hotuba fupi kuliko zote za maisha yake.

"Na huyu mama, kwa nini hayuko shambani na bomba lake?"

Kesho yake alikuwapo. Na watu walikuja, hata waliokuwa na vyeti vya kuumwa mgongo. Wengine walikuja kumsikia, wengine walikuja kwa hofu ya kutangazwa kwamba hawakuja. Mtu akisimama kupumzika alisikia jina lake likipaa juu ya rweya. Mwenyekiti mwenyewe hakusalimika.

"Mwenyekiti ameinua jembe, Tata. Ameliinua. Bado ameliinua. Tata, nadhani analianika."

Rugemalira akalishusha jembe kwa kishindo na kijiji kikashangilia.

Nisiseme kwamba mahindi yaligusa mawingu. Rweya ni rweya. Lakini magugu yalikwisha, na msimu uliofuata mtu wa kilimo akawashauri wapande mihogo, ambayo haichagui sana, wakaipata ya kutosha kuuza. Sehemu ya uwanja ikarudishiwa timu. Na Jovita akawa anahesabiwa asubuhi zake tatu akiwa juu ya kichuguu, siku nyingine akiruhusiwa kwenda anakoitwa.

Ndipo Saba Saba moja walimwita Rubafu, mbali kaskazini, kutangaza mashindano ya mitumbwi ziwani. Hakuwahi kupanda mtumbwi. Wenye shughuli wakamwambia hawezi kuona kitu akiwa ufukweni, wakamketisha katika mtumbwi wenye wapiga kasia wanne, kazi yao kuwafuata washindani taratibu. Josia alibaki nchi kavu pamoja na mzee, amekunja mikono, akiomba bila sauti.

Filimbi ikalia. Jovita, mkono mmoja umeng'ang'ania ubao na mwingine umeshika bomba, akaanza. Akawasifu wa mtumbwi wa bluu, akawacheka wa mtumbwi mwekundu waliokuwa wakigongana makasia, akamwita kiongozi wao mpishi anayekoroga ugali wa msiba. Watu ufukweni walikuwa hoi. Lakini ndani ya mtumbwi wake mambo hayakuwa mazuri. Mpiga kasia wa mbele akageuka.

"Na sisi?"

"Ninyi si washindani, mwanangu. Piga kasia."

Wakatazamana. Akawasifu tena wa bluu. Mpiga kasia wa nyuma akatema mate ziwani, akainama, akavuta kasia kama anang'oa kisiki. Wenzake wakafuata. Mtumbwi ukaruka.

"Tata, wa bluu wanaongoza. Wa bluu bado wanaongoza. Tata, wa bluu wako pembeni yetu. Jamani, punguzeni! Tata, sasa wa bluu siwaoni, wako nyuma, geuzeni nione! Nani anashinda? Mimi ndiye... Yesu na Maria, ufukwe huo unakuja!"

Waligonga mchanga kwa kasi hiyo hiyo, Jovita akarushwa mbele ya mtumbwi akatua kwenye maji ya magoti, bomba limejikunja. Ukazuka ugomvi mkubwa. Wa bluu walisema ushindi ni wao, maana mtumbwi wa mtangazaji haukuandikishwa. Wengine wakasema maji hayajui kuandikisha, aliyefika ni aliyefika. Mbuzi wa zawadi akavutwa huku na huku kwa kamba mbili.

Mwishowe wapiga kasia wanne wenyewe wakasema hawataki mbuzi. Wanataka kutangazwa, mashindano yote, tangu filimbi, na majina yao na majina ya baba zao.

Jovita akakamua gauni lake. Josia akalipokea bomba, akalinyoosha kwa goti na jiwe, akamrudishia. Jovita akasimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akaianza safari yote upya na wale wanne ndani yake, na wa bluu wakakaa chini kusikiliza kwa sababu nao walitaka kujua walishindwaje. Walimwomba arudie. Alipomaliza mara ya tatu, mbuzi alikuwa ameshaiva, wakala wote.